VESPA NA HONDA: TULIPOBADILISHANA VIPANDO KWA SIKU SABA

Na Katibu wa Chama



Wengi wenu mliohudhuria mkutano mkuu mwakumbuka jinsi tulivyochelewa kutoka siku ile, na sababu yake haikuwa bei ya karafuu wala hesabu za Chama. Sababu ilikuwa ni pikipiki. Halmashauri ilileta shauri kwamba Chama kinunue vipando viwili kwa ajili ya makarani wa matawi, wapate kufika mashambani wakati wa mavuno, wapeleke mizani na majamvi, waandike hesabu, na pengine wamsaidie mwanachama kuteremsha gunia lake mpaka penye barabara ya gari. Shauri likapita pasipo mtu kulipinga. Lakini ilipoulizwa vinunuliwe vipando vya namna gani, mkutano ukagawanyika pande mbili. Wapo waliotaka Vespa na wapo waliotaka Honda, na kila upande ulikuwa na mashahidi wake.

Waswahili wamesema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mimi niliyekuwa nikiandika maneno ya mkutano niliona jambo moja: katika wote waliosimama kusema, hapakuwa na hata mmoja aliyepata kukiendesha kipando cha upande wa pili zaidi ya kwenda dukani na kurudi. Mwenye Vespa alikuwa akisimulia ubaya wa Honda aliyoiona ikipita, na mwenye Honda vivyo hivyo. Ndipo Mwenyekiti akatugeukia watu wawili, mimi mwenye Vespa na karani wa tawi la Mtambwe mwenye Honda, akasema: "Nyinyi badilishaneni kwa siku saba, kisha mje na maneno." Maneno yenyewe ndiyo haya.

KWA NINI JAMBO HILI SI MCHEZO

Mwanachama mgeni huenda akauliza, pikipiki na karafuu wapi na wapi? Kila mkulima ajua kwamba karafuu ikishachumwa na kuchambuliwa makonyo haingoji. Ikilala mbichi ndani ya gunia hupata joto, huchachuka, na ikikauka hutoka nyeupe na kunywea, ndiyo ile tunayoiita mpeta, ambayo kituoni haihesabiwi pamoja na karafuu njema. Tena kilo 3 za karafuu mbichi zikikauka hutoa karibu kilo 1 tu. Kwa hiyo anayebeba mbichi hubeba maji mengi, na anayechelewa kuifikisha penye jua hupoteza kile kidogo kilichomo.

Na nchi yetu ya Pemba mwaijua. Ni vilima na mabonde, tena katika sehemu zenye mikarafuu mingi udongo ni mwekundu na wa kunata, na mvua ikinyesha saa moja huteleza kama sabuni. Kipando kibaya katika njia hizo si hasara ya fedha peke yake, bali ni mguu wa mtu au roho yake.

MASHARTI TULIYOWEKEANA

Kabla ya kupeana funguo tuliandika masharti, kila mmoja akatia sahihi. Nayataja hapa kwa sababu mwanachama yeyote atakayemwazima mwenzake kipando yatamfaa.

Kwanza, tuliangalia leseni na bima. Kipando kimoja kikipata ajali mikononi mwa mgeni, maneno huwa mengi. Pili, kila mmoja alimwonyesha mwenzake kipando chake kwa nusu saa nzima kikiwa kimesimama: breki ziko wapi, zinashika namna gani, petroli hufunguliwa wapi, kina ugonjwa gani wa siri. Tatu, tulijaza tanki zote mbili kituo kimoja. Nne, tulikubaliana njia, kila mmoja azipite zile zile: barabara ya lami ya Wete, vijia vya udongo vya Mtambwe, na mchanga wa Makangale baada ya kuuvuka msitu wa Ngezi. Tano, kila mmoja abebe mzigo ule ule, gunia la kilo 50, mteremko ule ule. Sita, na hili lilikuwa la mwenzangu, kwamba mtu asitoe hukumu yoyote kabla ya siku ya tatu.

Sharti hilo la sita nililiona dogo tulipokuwa tukiliandika, lakini sasa naliona ndilo lililokuwa na maana kuliko yote.

VIPANDO VYENYEWE

Vespa yangu ni PX 150, niliyoachiwa na marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jina Vespa ni neno la Kitaliani, maana yake ni nyigu. Kampuni ya Piaggio ilianza kuziuza mwaka 1946, baada ya Vita Kuu ya Pili, na aliyezichora alikuwa fundi wa ndege, Corradino D'Ascanio. Mtu huyo hakuzipenda pikipiki za siku zile. Aliona zinachafua nguo, cheni yake ina grisi, na kubadili gurudumu ni taabu. Basi akaifunika injini kwa bodi ya chuma, akaiweka pembeni mwa gurudumu la nyuma ili cheni isihitajike kabisa, akatia gea katika mkono wa usukani, na gurudumu la mbele akalishika upande mmoja tu kama gurudumu la ndege. Namna hii ya PX ilitoka mwaka 1977.

Honda ya mwenzangu ni CG 125. Hiyo ilianza kutoka mwaka 1976, nayo ilitengenezwa makusudi kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako mtu hununua pikipiki kwa kazi, huipakia kupita kiasi, na hakumbuki oili mpaka isikike inalia. Kwa hiyo injini yake ilifanywa nyepesi kwa fundi. Vali zake husukumwa na fito za chuma kutoka chini, pasipo ile cheni ndogo ya ndani ambayo katika injini nyingine hulegea. Ama cheni kubwa ya kuzungusha gurudumu imefungiwa ndani ya kasha la bati, tope na mchanga visiingie. Wachina waliiiga sana injini hii, na nyingi katika pikipiki tunazoziona njiani leo, zijapokuwa na majina mengine, ndani ni jamaa zake.

Tofauti yao kubwa i ndani. Injini ya Vespa ni ya mipigo miwili, huwasha moto kila inapozunguka mara moja, na oili yake hunywa pamoja na petroli. Injini ya Honda ni ya mipigo minne, huwasha mara moja katika kila mizunguko miwili, na oili yake hukaa chini peke yake. Jambo hilo msilisahau, kwani litarudi tutakapofika penye mteremko.

MIKONO NA MIGUU

Siku ya kwanza juu ya Honda sikuipenda. Kiti ni kirefu, tanki i kati ya magoti, na mtu aliyezoea kuweka miguu pamoja kwenye sakafu ya Vespa kama aliyeketi barazani hujiona amepanda mnazi. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa ukitaka kuzungusha gea ambazo hazipo. Katika Vespa wabana klachi kwa mkono wa kushoto, kisha wauzungusha mshikio wenyewe pamoja nayo: ya kwanza, mahali pasipo gea, ya pili, ya tatu, ya nne. Katika Honda klachi ni mkono ule ule, lakini gea ni kazi ya mguu wa kushoto, ya kwanza yakanyagwa chini na zilizobaki zainuliwa juu kwa ncha ya kiatu.

Mwenzangu naye alinipigia simu jioni ya siku ile ile. "Bwana Katibu," akasema, "chombo chako hiki hakina adabu. Kinanivuta upande mmoja." Maneno yake yana msingi, kwani injini ya Vespa iko upande wa kulia, na ijapokuwa katika PX gurudumu la akiba limewekwa kushoto kusawazisha, mtu mgeni huhisi uzito ule. Akaendelea kulalamika kwamba usukani ni mwepesi mno, wageuka kabla hajaamua kugeuka.

Nikamjibu, "Ndugu yangu, sharti la sita."

Akacheka akakata simu.

Siku ya tatu mambo yalikuwa mengine. Mguu wangu ulikuwa umejua kazi yake, na nilianza kuiona Honda yenyewe badala ya kuona yale yasiyokuwamo ndani yake. Mwenzangu vivyo hivyo. Aliniambia kwamba wepesi ule wa usukani alioulalamikia umemfaa sokoni, penye watu na mikokoteni, ambapo Vespa hugeuka katika nafasi ya mkeka. Chombo kilikuwa kile kile na mpandaji yule yule; kilichobadilika ni mazoea tu. Basi jueni, ndugu zangu, kwamba mtu aliyekiendesha kipando cha mwenzake kwa siku moja akaja na hukumu, mara nyingi anatoa habari za mazoea yake mwenyewe. Wazee hawakukosea waliposema, mzoea punda hapandi farasi.

LAMI, UDONGO NA MCHANGA

Katika lami njema vipando hivi havikupitana sana. Vespa ina nguvu ya upesi unapoondoka, tena mbele pana ngao ya bati inayokinga miguu na maji. Honda hutulia zaidi katika mwendo wa safari, kwa sababu gurudumu lake la mbele ni la inchi 18, na gurudumu kubwa hushika njia yake kama mtu mzima.

Palipo na mashimo tofauti huanza. Magurudumu ya Vespa ni ya inchi 10. Shimo ambalo Honda hulipita juu, Vespa huingia ndani yake kisha hutoka, na mgongo wa mpandaji ndio unaotoa taarifa. Usiku, taa ikiwa hafifu, jambo hili si dogo. Aliyezoea Vespa hulijua akapunguza mwendo mapema, lakini karani mgeni huenda asilijue.

Katika udongo mwekundu wa Mtambwe, ukiwa mkavu, vyote viwili hupita. Ulipolowa, siku ya nne, kwa mvua iliyotukuta tangu asubuhi, mwenzangu aliiteremka Vespa akaisukuma katika sehemu mbili, kwa sababu tairi fupi hujaa tope upesi na sakafu yake iko karibu na ardhi. Mimi juu ya Honda nilipita kwa gea ya kwanza, miguu yote miwili nje kama mbawa za bata, taratibu, lakini nilipita. Hata hivyo nguo zangu zilirudi na rangi ya njia, na zake zilikuwa safi kuanzia kifuani mpaka magotini. Ngao ile ya bati haisemi uongo.

Mchanga wa Makangale ulitoa hukumu iliyo wazi kuliko zote. Gurudumu dogo huchimba na kuzama, na usukani mwepesi hupotea mkononi. Mwenzangu aliniambia kwa uso mkavu kwamba katika mchanga ule Vespa ilikuwa ikienda itakako na yeye akifuatana nayo tu. Honda kwa gurudumu lake refu hupita juu ya mchanga, maadamu hukufunga petroli ghafla.

MTEREMKO NA MZIGO

Hapa nawaomba msome polepole, khasa vijana.

Tulichagua mteremko mmoja mrefu wa udongo, tukafunga gunia la kilo 50, tukashuka kila mmoja kwa kipando cha mwenzake, kisha tukashuka tena kila mmoja kwa chake.

Honda, ukiitia gea ya pili na kuachia petroli, injini yenyewe huzuia. Wahisi kama mtu amekushika kanzu kwa nyuma. Breki huzigusa kidogo kidogo tu. Vespa haizuii namna hiyo. Injini ya mipigo miwili ikiachiwa petroli hunguruma tu, na chombo huendelea kushuka. Kwa hiyo kazi yote yaangukia breki, na breki zetu za ngoma zikishikwa muda mrefu hupata moto na kulegea.

Zaidi ya hayo pana hatari ambayo wengi hawaijui. Nimekwisha kusema kwamba Vespa hunywa oili yake pamoja na petroli. Basi ukifunga petroli katika mteremko mrefu huku gea imeshika, injini yazunguka kwa kasi na oili haiji. Ikizidi, pistoni hushikana na silinda, gurudumu la nyuma likafunga ghafla, na mpandaji akaanguka. Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, ukishuka kilima kirefu fungua petroli kidogo kila baada ya muda mfupi ili injini ipate kunywa. Ya pili, ukisikia injini imebadili sauti na chombo kinapungua mwendo chenyewe, bana klachi hapo hapo, usingoje kuuliza kuna nini. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikae karibu na klachi daima.

Ama mzigo, kila kipando kina pahala pake. Katika Vespa watu huweka gunia kwenye sakafu mbele ya magoti. Uzito hukaa chini na kati, na chombo hutulia vizuri, kuliko Honda yenye gunia nyuma. Mwenzangu alikiri hili pasipo kulazimishwa. Lakini angalieni sana: breki ya mguu ya Vespa iko pale pale sakafuni, upande wa kulia. Gunia likisogea kidogo huiziba, au huikandamiza ikawa yashika njia nzima mpaka ikaungua. Tulipofunga gunia kwa kamba mbili na kuacha nafasi ya kiatu kizima, shida iliondoka. Lakini gunia lililojaa vizuri haliachi nafasi hiyo kwa urahisi, na karani mwenye haraka atalipakia vivyo hivyo.

Katika Honda gunia hufungwa nyuma juu ya keria. Miguu iko huru, breki zote ziko wazi. Ubaya wake ni kwamba uzito wote ukiwa nyuma, mbele huwa pepesi, na katika kupanda kilima usukani hauna nguvu. Tuliona kwamba gunia likisogezwa mpaka liguse mgongo wa mpandaji, shida hupungua sana. Na katika vipando vyote viwili tumekubaliana bila ya hitilafu: gunia na abiria kwa pamoja, hapana. Mchumaji wako ana watoto nyumbani.

MAVAZI

Msicheke. Mambo haya yaliulizwa mkutanoni na akina mama wanachama, na majibu ni haki yao.

Mwenye kanzu hupanda Vespa kama anavyoketi kitini. Juu ya Honda hana budi kuipandisha kanzu mpaka magotini na kuipitisha mguu juu, na Ijumaa, mbele ya msikiti, hilo halipendezi. Mwanamke mwenye buibui akiketi nyuma ya Vespa huwa amesalimika zaidi, kwa kuwa gurudumu limefunikwa na bodi na halina spoki. Katika Honda kasha la cheni husaidia, lakini spoki ziko wazi, na nguo ndefu ikiingia humo hutokea msiba. Wenye Honda na wakate kipande cha wavu au bati wafunike upande wa gurudumu la nyuma; fundi yeyote aweza kukifunga kwa muda mfupi. Na kofia ngumu ni kwa wote wawili, wa mbele na wa nyuma.

PANCHA, OILI NA FUNDI

Siku ya tano Vespa ilichomwa na msumari. Mwenzangu, ambaye hajapata kuifungua maisha yake, alifungua nati tano, akatia gurudumu la akiba, akaendelea na safari kabla chai haijapoa. Magurudumu ya Vespa, la mbele na la nyuma, hubadilishana, na la akiba lafaa popote. Honda haina gurudumu la akiba. Ikipata pancha katikati ya shamba, ama una pampu, viraka na vyuma vya kutolea tairi, ama wasukuma mpaka kwa fundi. Katika jambo hili Vespa imeshinda, tena kwa mbali.

Lakini oili ya Vespa yataka mtu mwaminifu. Kipimo ni mililita 20 katika kila lita 1 ya petroli, yaani lita 5 kwa mililita 100. Ikipungua, injini hufa. Ikizidi, plagi huloa ikawa haiwaki na moshi hujaa njia nzima. Karani akikuta petroli ya chupa kijijini na oili hana, asijaribu kwenda hivyo hivyo. Honda haitaki kuchanganyiwa, lakini yataka oili yake ipimwe na kumwagwa kwa wakati wake, na cheni ikazwe ikilegea. Hatari ya Honda ni kwamba haisemi. Huvumilia mpaka mwenyewe akasahau kwamba yavumilia.

Tulipojaza tanki tena mwisho wa siku saba katika kituo kile kile, Vespa ndiyo iliyokunywa zaidi, na bei ya oili yake haimo katika hesabu hiyo. Ama vipuri, vya Honda na jamaa zake vyapatikana katika maduka mengi ya Wete na Chake. Vya Vespa vyataka kuagizwa mara nyingi, na mafundi wanaoijua vizuri ni watu wazima, vijana waliojifunza kazi hiyo si wengi.

TULIPOKUTANA

Siku ya nane tuliketi barazani kwangu, kila mmoja na karatasi yake. Tulikuwa tumeandika mbali mbali, na tulipozisoma tukakuta kwamba karibu mambo yote yamelingana. Palikuwa na jambo moja ambalo hatukupatana. Yeye anasema Vespa isitumike kabisa wakati wa mvua katika njia za udongo. Mimi nasema aliyeizoea aweza kuitumia kwa uangalifu, kama alivyofanya baba yangu miaka mingi. Akanijibu neno ambalo nimeona ni haki niliandike hapa:

"Bwana Katibu, marehemu mzee alikuwa akiijua. Sisi tunanunua kipando cha karani ambaye bado hatujamjua."

Sikuwa na jibu la kumpa, na hata leo sijalipata.

SHAURI LETU KWA HALMASHAURI

Kwa hiyo shauri letu sote wawili ni hili. Kipando cha karani wa matawi ya vilimani, anayebeba gunia katika udongo na kuteremka mabonde wakati wa mvua, kiwe Honda ya namna hii ya CG au jamaa yake iliyo madhubuti, yenye kasha la cheni, keria ya chuma nene na kinga ya spoki. Tena mfuko wa ngozi wenye pampu na viraka uwe sehemu ya bei, si jambo la baadaye.

Ama kipando cha pili, cha mjumbe wa ofisi anayekwenda katika lami baina ya mji na vituo vya ununuzi vya ZSTC, akichukua karatasi na fedha na akiwa mara nyingi amevaa nguo za heshima, hapo Vespa yafaa, ikipatikana iliyo nzima na akiwapo fundi wa kuitazama. Isipopatikana, basi Honda mbili. Vespa mbili hatushauri.

Mimi ni mtu wa Vespa, na yangu siiuzi. Lakini nilitumwa kuangalia kazi ya Chama, sikutumwa kuangalia urithi wangu.

Jambo la mwisho ni la makarani wenyewe. Tunaomba kwamba kabla fedha haijatoka, karani atakayepewa kipando akiendeshe kwanza siku tatu, si mbele ya duka la muuzaji, bali katika njia ya kazi yake na gunia likiwa juu yake. Siku ya kwanza asiulizwe kitu. Siku ya tatu aulizwe, na maneno yake yaandikwe. Fedha hizi zimetoka pishi kwa pishi mikononi mwa wachumaji na juu ya majamvi yenu, na siku tatu za kungoja si nyingi.

Halmashauri itakaa juu ya shauri hili katika kikao chake kijacho, Inshallah, na mwanachama mwenye neno na alilete kwa karani wa tawi lake kwa maandishi. Na yule mwenye kusema kwamba tumeionea Vespa, au tumeipendelea Honda, tunamkaribisha. Aje na kipando chake, funguo tutabadilishana, na masharti sita yapo tayari.

Wabillahi tawfiq.